Diploma ipo, kazi imeisha: anza na makaratasi

Dada mwenye diploma ya miaka miwili akipoteza kazi hapa Uganda na umri umefika 38 au 42, kitu cha kwanza huwa ni kusambaza barua za maombi. Ngoja kidogo. Rudi kwanza ulikotoka, kabla meza yako haijapata mwenyewe mwingine.

Sheria ya Ajira ya 2006 inakupa cheti cha utumishi, ila ukikiomba. Kinataja cheo, muda uliofanya kazi na mshahara. Sababu ya kuachishwa haiandikwi humo mpaka wewe uitake, kwa hiyo mkiwa mmeachana vibaya, usiiulizie. Hesabu na notisi: aliyefanya kazi mwaka 1 hadi 5 ana mwezi mmoja, 5 hadi 10 miezi miwili, 10 na zaidi miezi mitatu. Kama umefukuzwa isivyo haki, lalamika kwa ofisa wa kazi ndani ya miezi 3. Wengi hufika miezi mitano baadaye, eti walikuwa wanasubiri bosi apoe.

Sasa majina. Hapa ndipo maombi mengi ya akina mama hukwama, na hakuna anayewaambia. Diploma ya 2004 imeandikwa Zaituni Nakato. Kitambulisho cha taifa kinasema Nakato Zaituni Musa, kwa sababu siku ya kuandikishwa aliongeza jina la mume. Karani wa tume ya utumishi ya wilaya anaona watu wawili. Yakiwa yamepishana mpangilio au herufi moja tu, hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo mara nyingi inatosha. Jina likiwa limeongezwa, unahitaji hati ya kubadili jina, uisajili URSB (ofisi ya serikali ya usajili), itangazwe kwenye Gazeti la Serikali, kisha NIRA, wanaotoa vitambulisho vya taifa, ndio warekebishe. Hiyo si kazi ya wiki moja, na tangazo la kazi halikungoji. Fanya sasa, hata kama hakuna nafasi iliyotangazwa.

Kwa kazi za wilaya jaza Fomu Namba 3 ya Tume ya Utumishi wa Umma, nakala tatu, kila moja na picha yake na vivuli vya vyeti vilivyothibitishwa. Karatasi ya matokeo ya muda haipokelewi. Kama transkripti hukuichukua miaka ile kwa ajili ya deni la ada, lilipe.

Kurudi chuo kutafuta digrii? Mwalimu wa Gredi V, yaani wa diploma, ndiyo: sera ya walimu ya 2019 inataka digrii. Mhasibu au karani mwenye miaka 15 ya uzoefu, mimi ningesita, hasa kama ada inatoka kwenye akiba.

Akiba yenyewe: NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii unaokatwa kwenye mshahara, hukuruhusu kuchukua hadi asilimia 20 ukiwa na miaka 45 na umechangia miaka 10. Ukifika 50 na umekaa mwaka mzima bila ajira, unaweza kuchukua yote. Chini ya hapo usiipigie hesabu. Mtaji wa UWEP, mpango wa serikali wa kukopesha wanawake wajasiriamali, upo kwa vikundi vya wanawake 10 hadi 15, hauna riba mkirudisha ndani ya miezi 12, na wenye diploma huudharau kwa kuona ni wa wauza nyanya. Wakati huohuo vikundi hivyo vinahangaika kumpata mtu wa kuwaandikia mpango wa biashara na kushika daftari la hesabu.