Jinsi tulivyoandika viwango vya uanagenzi kwa kuruta wetu wa uchomeleaji

Nilipokabidhiwa kazi ya kuandaa viwango vya uanagenzi, yaani orodha ya kazi ambazo kijana lazima aziweze, kwa vijana wetu wa karakana ya vyuma kwenye kambi ya JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), kila mtu alikuwa na njia ya mkato. Mmoja aliniambia nichukue mtaala wa chuo cha ufundi, nibadilishe jina juu, nipeleke ukasainiwe. Mwingine akaniletea viwango vya Uingereza, akasema wenzetu walishafikiri, sisi tutafsiri tu. Nilivisoma vyote. Mpaka leo naudhika nikikumbuka uhakika waliokuwa nao watu ambao hawajawahi kushika kijiti cha kuchomea.

Mwanafunzi wa chuo anajua Jumatatu asubuhi yuko karakana. Kijana aliyejiunga na JKT kwa kujitolea ana miaka miwili, lakini leo ni kwata, kesho fatiki, keshokutwa shamba, usiku lindo. Ukimwandikia "wiki ya tano: kuunga kona", wiki hiyo itamkuta anapalilia mahindi. Na mfumo wa Waingereza unalipiwa na tozo ya asilimia 0.5 ya mishahara kutoka kwa waajiri ambao mishahara yao kwa mwaka inazidi pauni milioni 3. Kambi yetu haina mfuko wa namna hiyo. Nilichochukua kwao ni kitu kimoja: anayefundisha asiwe ndiye anayetoa uamuzi wa mwisho.

Njia niliyofuata inaitwa DACUM, ilianzia Kanada miaka ya 1960. Unakusanya watu watano hadi kumi na wawili wanaoifanya kazi yenyewe, siyo wanaoisimamia, wanaitaja kazi yao hatua kwa hatua, kila tendo linaandikwa kwenye kadi na kubandikwa ukutani. Msingi wake ni kwamba fundi hodari anaijua kazi yake kuliko mtu yeyote wa ofisini. Naliamini hilo kwa moyo wote.

Sasa jaribu kufanya hivyo jeshini. Kikao cha kwanza kiliendeshwa kwa itifaki, kama nilivyoelekezwa: afande mkubwa mbele, wengine kwa vyeo vyao kushuka chini. Afande akasema, "Kazi ya kwanza ya mchomeleaji ni kutunza vifaa." Wote: "Ndiyo, afande." Akasema ya pili. "Ndiyo, afande." Jioni ukuta ulijaa kadi, na zote zilikuwa mawazo ya mtu mmoja, mtu mzuri kabisa, lakini mmoja. Fundi koplo ambaye ndiye anachomelea kila geti la kambi hakufungua mdomo.

Nikalala nalo. Kesho yake nikamfuata afande faraghani, nikamwomba afungue kikao kwa amri. Akaitoa vizuri kuliko nilivyotarajia: kila mtu aandike kimya, kadi moja tendo moja, lianze na kitenzi, kwa herufi kubwa ili mwandiko usimtambulishe mtu, na hakuna kuzungumza mpaka aseme. Maka peni zote nilinunua nyeusi za aina moja. Kadi zikakusanywa kwenye kofia, zikachanganywa, nikazisoma mwenyewe. Utii uleule uliowafunga midomo jana ndio uliowafanya waandike bila kuinua vichwa. Afande naye aliandika zake, na mbili kati ya hizo zilikataliwa na kikao bila mtu kujua ni za nani. Naona fahari kubwa juu ya asubuhi ile.

Na kadi zilizotoka! Moja iliandikwa "KUONDOA ZINKI KWENYE BOMBA LA MABATI KABLA YA KUCHOMEA". Katika mtaala nilioshauriwa kunakili haikuwamo. Mafusho ya zinki humletea mchomeleaji homa na baridi saa kadhaa baadaye, akiwa ameshatoka karakana, na dalili zake zinafanana mno na za malaria. Kijana anaripoti zahanati usiku, anapimwa malaria, na hakuna anayemuuliza mchana alikuwa anachomea nini. Kadi nyingine: "KUMKINGA MWENZAKO NA MWANGA". Kuruta anayeshikilia chuma bila miwani halalamiki mchana. Macho huanza kuuma kama yana mchanga usiku, pengine yuko lindoni na bunduki. Anayejua hayo ni yule aliyeyapata mwilini.

Palikuwa na ubishi mrefu juu ya madaraja. Mzee mmoja fundi alishikilia kwamba daraja la kwanza ndilo la juu, kwa kuwa yeye alipata cheti chake enzi za majaribio ya ufundi ya zamani, ambapo unapanda kutoka la tatu kwenda la kwanza. Katika NVA, vyeti vya sasa vya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ni kinyume, unaanza I unapanda hadi III. Kama mnaandaa viwango, andikeni hilo kwenye ukurasa wa mbele, mtaokoa nusu siku.

Kilichokuwa kigumu kweli ni kadi iliyosema kuruta akatae kuwasha mashine isiyo na waya wa ethi, ule unaomkinga mtu asipigwe na umeme. Kuruta kukataa? Chumba kilinyamaza. Lakini umeme hausikilizi amri, na sikuwa tayari kuifuta kadi ile. Tukaiandika hivi: "Hutoa taarifa ya hatari kabla ya kuanza kazi, na husubiri taarifa ipokelewe." Kutoa taarifa kila askari amefundishwa tangu siku ya kwanza, ni wajibu wake, na anayeipokea anabeba dhamana. Afande akasaini bila kusita.

Muda tukauondoa kabisa. Kijana ana daftari lenye orodha ya kazi, na kila kazi husainiwa akiifanya vizuri mara tatu, kila mara siku tofauti. Akienda shambani mwezi mzima, daftari linamngoja. Waliokuja kambini tayari ni mafundi wa mtaani hawaanzi upya: wanaonyesha, wanasainiwa, wanasonga mbele. Mtathmini wa mwisho anatoka nje ya kambi. Hilo lilipingwa sana, eti ni kutoaminiana. Nikawauliza mwenye karakana mjini ataamini saini ya nani, ya mwalimu aliyemfundisha kijana au ya mtu asiyemjua?

Gharama zilikuwa ndogo: manila, gundi, maka peni na chai, kama laki moja hivi. Mafundi bomba nao wameomba tuwafanyie. Nimewaambia walete watu wanaolowa maji, wasilete wakuu wa idara, na kofia ya kuchanganyia kadi ninayo.