Modemu mbili za 56K zilizokataa kuelewana

Mwaka 2001 nilikuwa fundi wa kompyuta katika kampuni ya malori huko Kampemba, Lubumbashi. Kiwanja kilikuwa kirefu: biro mbele karibu na barabara, gereji na depo ya vipuri nyuma kabisa. Waya wa kawaida wa mtandao unatakiwa usizidi mita 100, na depo ilikuwa mbali kupita hapo. Lakini waya za simu ya ndani zilikuwepo tangu zamani, zote zikiingia kwenye santrali ndogo, mtambo wa kuunganisha simu, chini ya ngazi. Bosi akanunua modemu mbili za mitumba, visanduku vya kupitisha data ya kompyuta kwenye waya wa simu, ili faili ya stoki ifike biro kila jioni, na kijana wa depo aache kupita kwenye vumbi na disketi mfukoni.

Moja ilikuwa U.S. Robotics. Nyingine kisanduku cheusi kisicho na jina la maana, chenye chipu ya Rockwell. Zote mbili zimeandikwa 56K usoni, yaani kasi ya biti 56,000 kwa sekunde.

Mwanzoni hazikupiga hata namba. Kwenye skrini yalitokea maneno NO DIALTONE tu, yaani hakuna mlio wa laini. Hilo ni jepesi: santrali nyingi za ndani hutoa mlio usiofanana na ule wa laini ya mtaani, na modemu isipoutambua haithubutu kupiga. Amri ya ATX3 (amri za modemu huanza na AT) inaiambia ipige bila kusubiri mlio. Nikaiweka pande zote mbili.

Kesho yake kijana wa depo akanipigia: "Yaya, iko inalia tu, kisha inakata."

Nilikwenda kusikiliza mwenyewe. Watu wengi walizima spika ya modemu kwa sababu ya kelele. Mimi niliifungua kwa ATM1L3, maana ile kelele ndiyo ilikuwa daktari. Namba zikapigwa, upande wa pili ukapokea na kutoa filimbi ndefu ya 2100 Hz. Ukafuata mkwaruzo, ukakatika, ukaanza upya kwa sauti nyingine, ukakatika tena. Mwisho kimya, na NO CARRIER, yaani hakuna muunganiko. Laini ingekuwa mbovu, ile filimbi ingefika imejaa mikwaruzo. Hapa ilifika safi kabisa. Basi zilikuwa zinasikiana vizuri, ila hazikubaliani lugha.

Ugomvi wenyewe ulianzia mbali. Mwaka 1997 kulikuwa na njia mbili za kufikia 56K zisizopatana: x2 ya U.S. Robotics, na K56flex ya Rockwell na Lucent. Kiwango cha pamoja, V.90, kilikuja mwaka 1998, na modemu zetu zilikuwa za kabla yake. Bosi alipouliza ile 56 aliyoilipia iko wapi, nilimweleza kwamba hapa isingepatikana hata kama zingekuwa mapacha. Kasi hiyo inataka upande mmoja uwe umeungwa kidijitali moja kwa moja na santrali, kama wauza intaneti walivyokuwa wakifanya. Modemu mbili zilizochomekwa kwenye waya za simu za kawaida mwisho wake ni 33600. Hakufurahi, lakini alielewa.

Kwa hiyo dawa ilikuwa kuzizuia zisijaribu makuu, zishuke zote kwenye V.34, lugha ya zamani zaidi wanayoijua wote wawili. Kwenye ile ya Rockwell niliandika AT+MS=11,1,300,28800, ambapo 11 ndiyo V.34 na namba ya mwisho ni kasi ya juu inayoruhusiwa. Amri hiyohiyo kwenye U.S. Robotics ilirudisha ERROR. Kule unaandika AT&U6&N14, yaani usishuke chini ya 9600 wala usipande juu ya 28800. Zikapiga kelele mara moja, zikanyamaza, ikatokea CONNECT 26400. Kwa mwendo huo disketi nzima ya 1.44 MB ingepita kwa dakika nane hivi, na faili yetu haikufika hata nusu ya hapo.

Ila faili ilikuwa inafika imeharibika. Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi, kwa sababu muunganiko ulionekana mzima. Fundi aliyenitangulia alikuwa ameandika AT&F&K3 kwenye kompyuta zote mbili. Kwa Rockwell, &K3 inawasha udhibiti wa mtiririko kwa RTS/CTS, yaani modemu ikijaa inaiambia kompyuta ingoje. Kwa U.S. Robotics, &K3 inahusu ubanaji wa data, inazima MNP5, njia mojawapo ya kubana, basi, na &F isiyo na namba, inayorudisha mipangilio ya kiwandani, inaiacha bila udhibiti wowote. Kompyuta ikawa inamimina tu, na kinachozidi kinapotea. Hakuna ERROR inayotokea, maana amri ni halali pande zote. Kwenye U.S. Robotics niliibadilisha kuwa AT&F1, nikarudia X3 na zile namba za kasi, na kuanzia hapo Zmodem, njia tuliyotumia kutuma faili, ikamaliza bila lalamiko.

Mvua zilipoanza, laini ikawa na miruko na modemu zikakata katikati ya kazi. Niliongeza S10=50, zivumilie sekunde tano bila kusikiana kabla ya kukata simu; siku mbaya sana nilizifunga kwenye 19200. Na kila badiliko nililihifadhi kwa &W, kwa sababu umeme ulikuwa unakatika wakati wowote, na modemu ikiwaka upya inakumbuka kile tu ulichohifadhi.