Nilivyochagua upinde wa kuwindia elki

Nilikulia Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania. Wahadzabe, watu wa kuwinda, walikuwa wakija mnadani na pinde zao, nasi watoto tukishindana kuzivuta. Sikumbuki aliyefika hata nusu. Kwa hiyo nilipoamua kuwinda kwa upinde wa kienyeji, usio na magurudumu, huku Colorado, Marekani, ninakoishi, kichwani nilikuwa na wazo moja tu: mnyama mkubwa, upinde mgumu. Na elki, mnyama mwenye pembe wa Amerika Kaskazini, ni mkubwa kweli. Dume hufika kilo 300 na zaidi, anamzidi tandala wetu.

Nikanunua upinde wa ratili 60, yaani nguvu ya kuuvuta. Ratili hizo hupimwa ugwe ukiwa umevutwa inchi 28. Mimi mikono yangu ni mifupi, navuta inchi 26 na nusu, hivyo kwangu ulikuwa kama 56, maana kila inchi hupunguza au kuongeza ratili mbili hadi tatu. Bado ulinishinda. Kuvuta nilivuta, lakini baada ya mishale kumi nikawa naachia kabla kidole hakijagusa pembe ya mdomo. Mwezi mzima nikajifundisha ubovu, na ubovu huo ulichukua muda mrefu zaidi kunitoka.

Mzee mmoja pale kwenye uwanja wa shabaha aliniangalia siku mbili bila kusema neno. Siku ya tatu akaniambia nipige goti, nivute polepole, nihesabu tano ndipo niachie. Nilifika mbili. Akaniuliza: asubuhi ya Septemba, umekaa kwenye baridi kwa muda wa saa tatu bila kujitikisa, utafika ngapi?

Bahati upinde wenyewe ulikuwa wa kufungua, mabawa yake mawili hufungwa kwa skrubu kwenye mpini. Nikanunua mabawa ya ratili 50, kwangu mimi yanatoa 46 hivi. Sheria ya Colorado inataka zisipungue 35. Kwenye goti nikafika sita.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba pesa na akili nilizozimalizia kwenye upinde zilipaswa kwenda kwenye mshale. Wahadzabe kwa mnyama mkubwa hupaka panjube, sumu ya utomvu wa waridi la jangwani. Mshale ukishaingia, sumu inafanya kazi. Huku sumu ni marufuku. Kinachoua ni makali tu, lazima yapite mapafu yote mawili. Mshale mwepesi huruka kwa kasi, unapendeza shabahani, lakini ukikuta ubavu mnene unaishiwa nguvu njiani. Mzito unaendelea kusukuma. Tena kwa mshale mzito upinde haupigi kelele sana, na elki anayesikia ugwe huruka kabla mshale haujafika.

Nilianza na miti ya mishale ya kaboni namba 340. Namba ikiwa ndogo, mti ni mkakamavu zaidi. Nikang'oa manyoya ya mmoja nikaupiga yadi 15: ukaenda kushoto, ukachomeka kimshazari. Kwa anayevuta kwa mkono wa kulia, hiyo ni dalili kwamba mti haukunjiki vya kutosha kuuzunguka mpini. Nikashuka hadi 400, bado kushoto, ila kidogo. Nikaongeza uzito wa chembe, yaani kichwa cha mshale, mbele, kwani uzito huo huufanya mti ukunjike zaidi. Mshale usio na manyoya ukaanza kuchomeka sambamba na wenzake. Uzito wa mshale mzima ni gramu 36, karibu greni 555 kwa hesabu ya madukani.

Chembe nilichagua ya makali mawili, pana kidogo kuliko inchi 7/8 ambayo sheria inaitaka. Zile za visu vinavyofunguka zinapogonga nyama niliziacha, kwa upinde wangu zinakula nguvu bure. Kunoa kulinitesa. Tupa ya chuma kwanza, kisha kinoo, kisha mkanda wa ngozi. Kipimo changu ni nywele za mkono: zikinyolewa bila kusukuma, basi. Mke wangu alishangaa kuona mkono mmoja una upara.

Kibali kilikuwa cha jike. Alitokea kwenye miti ya aspeni, hatua 16, akala, akageuka ubavu huku mguu wa mbele ukitangulia. Nilikuwa nimepiga goti. Nikavuta, nikashikilia mpaka akainamisha kichwa tena. Niliona manyoya ya njano yakizama nyuma ya bega, na mshale ukagonga gogo upande wa pili. Nikakaa nusu saa kwa saa ya mkononi. Damu ilikuwa ya waridi, ina mapovu. Alikuwa amelala hatua 80 mbele.

Mshale ule bado ninao. Nilibadilisha manyoya mawili tu na kunoa upya.