Avoin yliopisto ya Ufini: mlango uko wazi kweli, ila sio mlango wa viza

Ikikaribia msimu wa vuli kila mwaka meseji zinaanza. Juzi mdogo wangu wa ukoo kaniandikia, "Dada shikamoo, nimeona vyuo vya Ufini hakuna mtihani wa kuingia, hawaulizi vyeti, unalipia kozi tu unaanza, nijaze fomu sasa hivi?" Nikamwambia marahaba mdogo wangu, usilipe chochote kwanza, niachie jioni hii nikuandikie vizuri. Ndio haya sasa, na naweka hapa kwa sababu najua hauko peke yako.

Alichoona ni kweli. Inaitwa avoin yliopisto, yaani chuo kikuu kilicho wazi, na sio chuo kimoja chenye jengo lake, ni kwamba vyuo vikuu vya Helsinki, Turku, Tampere, Jyväskylä, Oulu na vingine kila kimoja kina avoin yake, na unachosoma ni kozi za chuo chenyewe, krediti ni zile zile, alama ni zile zile za 1 mpaka 5, na 5 ndio ya juu. Hawaulizi umri wala ulisoma wapi. Ukiona kozi umeipenda na nafasi ipo unajiandikisha, unalipa, unaanza kusoma. Mi mara ya kwanza nilivyosoma hivyo nilirudia ule ukurasa mara tatu nikitafuta masharti yalipojificha.

Sasa jambo ambalo watu hawaambiwi. Kozi za avoin peke yake hazikupi kibali cha kuishi Ufini kama mwanafunzi. Hapo naomba usome tena. Kibali cha mwanafunzi Migri, hiyo ni idara ya uhamiaji, wanaangalia kama umekubaliwa kwenye programu kama ya shahada, na avoin unanunua kozi, hujakubaliwa kwenye shahada yoyote. Namfahamu mtu kabisa, alidanganywa na mtu wa kati kwamba risiti ya avoin inatosha, akalipa kozi, akalipa na yule mtu, akaomba kibali kikakataliwa, na pesa ya maombi ukishakataliwa hairudi. Alikuwa amekopa. Mpaka leo nikimkumbuka roho inaniuma, ndio maana swali hili silijibu kwa mistari miwili.

Kwa hiyo avoin ni ya nani? Ni ya wewe ambaye tayari uko huku kwa kibali kingine, umekuja kwa mume au mke, umekuja kwa kazi, una ukimbizi, au uko nje ya Ufini na umepata kozi inayofundishwa yote onlaini kwa lugha unayoielewa. Hapo ni nzuri sana, sijaona njia nyingine ya bei nafuu hivyo ya kuingia chuo kikuu.

Mi nilianza 2019. Nilikuja kwa kibali cha familia, asubuhi nilikuwa nasafisha maofisi Vantaa, mji jirani na Helsinki, saa tano niko huru, na nilikuwa nimechoka kukaa kimya kwenye mikutano ya shule ya mtoto kwa sababu ya lugha. Nikatafuta kozi ya Kifini. Kozi za Kifini zinajaa haraka mno, usajili ulifunguliwa saa tatu asubuhi na mi nilikuwa nimeomba ruhusa kazini, nimekaa na simu mkononi, nikabonyeza, ukurasa ukaniambia nijitambulishe kwa namba za siri za benki za Ufini. Akaunti nilikuwa nayo, namba pia nilikuwa nazo, ila benki yangu walikuwa wamenipa zile za kulipia bili tu, za kujitambulisha kwenye huduma nyingine walitaka kwanza niwe na kitambulisho kinachotolewa na polisi wa Ufini, na changu kilikuwa bado. Nimekuja kumpata mtu wa kunielekeza kwa imeli, kozi imejaa. Nililia, sitaficha.

Baadae ndio nikajua kumbe kwa asiye na namba za benki kuna njia nyingine, vyuo vingi vina utaratibu wake, kwingine unajiandikisha kwa fomu ya kawaida halafu unapeleka pasipoti ofisini wakuhakiki ndio wanakufungulia akaunti. Ila huo utaratibu uulize wiki mbili tatu kabla, usisubiri siku usajili unafunguliwa. Na kama bado huna henkilötunnus, ile namba ya utambulisho inayoanza na tarehe yako ya kuzaliwa, waambie mapema pia. Hili ndilo linalokwamisha wageni kuliko hela.

Hela sasa. Mwaka ule kiwango cha juu walichoruhusiwa kutoza ilikuwa euro 15 kwa krediti, kwa hiyo kozi ya krediti 5 nililipa 75, na Mfini aliyekaa jirani yangu alilipa hiyo hiyo. Bei ya sasa angalia kwenye ukurasa wa kozi yenyewe, usishike namba yangu. Ukilinganisha, programu za shahada za Kiingereza tangu 2017 anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya na nchi shirika zake analipa ada, na sheria ilianza kwa kusema isipungue euro 1,500 kwa mwaka, wengi wanatoza maelfu juu ya hapo. Ila ujue kadi ya mwanafunzi hupati, punguzo la chakula na nauli la wanafunzi wa shahada halikuhusu.

Kingine, ukiona krediti 5 usidhani ni kakozi. Huku mwaka mzima wa masomo ni krediti 60 na wanahesabu ni saa 1,600 za kazi, yaani krediti moja kama saa 27. Piga hesabu, krediti 5 ni kama saa 135, ukizigawa kwenye wiki saba inakuja saa 19 kwa wiki, na una kazi, una mtoto, una theluji ya kuparua kwenye gari. Mi muhula wa pili nilichukua kozi mbili kwa mpigo na moja nikaiacha katikati, hela ikaenda. Anza na moja tu mdogo wangu.

Na kuna kitu kinaitwa luentopäiväkirja, shajara ya mihadhara. Hakuna mtihani, unahudhuria vipindi afu unaandika kurasa kadhaa za shajara. Mi nikaandika kila alichosema mwalimu, vizuri kabisa kwa mpangilio, nikapewa 2. Nikamwandikia mwalimu (huku unamwita kwa jina lake la kwanza tu, profesa profesa hakuna, na mpaka leo kidole kinasita nikiandika hivyo), akanijibu kwa upole kwamba alichosema yeye anakijua, anataka kuona mimi nimefikiria nini, nimepinga wapi, imenikumbusha nini kwenye maisha yangu. Jamani, hakuna mtu alikuwa amewahi kuniuliza hivyo darasani. Shajara iliyofuata niliandika usiku Oodi, ile maktaba kubwa katikati ya Helsinki, mpaka wakatangaza wanafunga. Nilipata 5.

Krediti hizo hazipotei. Ukija kukubaliwa kwenye shahada unaweza kuomba zihesabiwe, mi zangu 15 zilikubaliwa. Na kuna avoimen väylä, njia ya kuingia shahada kupitia avoin, unakusanya krediti, nimeona nyingi zikidai kama 60, na wastani wa alama wanaoutaka, unaomba bila mtihani wa kuingia. Kila chuo na kila somo lina masharti yake, na nyingi ni za Kifini, kwa hiyo soma masharti kabla ya kuchagua kozi ya kwanza, usije ukakusanya krediti ambazo ile njia haizitambui.

Wewe uliyeniandikia, kwa kuwa uko mbali bado, anza na za bure. Elements of AI, kozi ya kuanzia kuhusu akili bandia iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Helsinki na kampuni ya Reaktor, ipo toka 2018, ya bure, onlaini, na kozi za kuprogramu za chuo hicho nazo ni bure. Chukua moja umalize. Ukimaliza niandikie tukae tuangalie shahada zinazofundishwa kwa Kiingereza, maombi yake mengi ni mwezi wa kwanza, kwa hiyo muda bado tunao.