Nilivyolisha viluwiluwi wa chura kwenye beseni hapa Pongwe

Masika ilivyokolea huku Pongwe, Tanga, dimbwi la nyuma ya nyumba lilijaa viluwiluwi wa chura, wale weusi wadogo wanaotembea kwa makundi, mpwa wangu akawachota na kopo akaleta ndani, na kazi ya kulisha ikawa ya nani kama sio mjomba.

Maji ya bomba usiwatilie yakiwa freshi kutoka bombani, klorini inawaua, mi niliyaacha kwanza juani kwenye ndoo isiyo na mfuniko, ila kama una maji ya mvua hayo ndo bora. Chakula nilitumia mchicha, unauchemsha bila chumvi mpaka ulegee kabisa afu unaweka kidogo tu, ukijaza maji yanaoza. Vimeno vyao ni vya kukwangua sio kung'ata, ndo maana dimbwini wanashinda kwenye ukijani wa mawe, na ukimwangalia mmoja kwa chini unaona utumbo umejiviringa kama dawa ya mbu ya kuchoma.

Sasa ubishi. Mpwa anasema "mjomba si wanauona mchicha kwa macho", mi nasema wananusa. Tukakata chandarua kibovu tukashona vifuko viwili, kimoja mchicha kingine nailoni ya kijani, tukazamisha kila kimoja upande wake. Mwanzo wakawa wanazubaa tu, baadae mmoja akapita jirani na mchicha, akasita, akageuka, akaanza kugongagonga mdomo kwenye kitambaa, wenzie wakafata, nailoni wanaipita tu kama haipo. Bado anabisha, eti mchicha unang'aa zaidi! Bahati nzuri usiku umeme ukakatika tukarudia gizani, kuja kuwasha tochi ya simu wamejazana palepale. Nikamwinamisha nikamwonyesha vitundu viwili vya pua juu ya mdomo, maji yanapita humo na harufu yake. Kuhusu kuhisi nako wako vizuri, ukitikisa beseni kidogo wanatawanyika wote, maana kwenye ngozi ya kichwani na ubavuni wana vihisio vinavyoshika maji yakicheza.

Miguu ya mbele ilipotoka wakagoma kula, nisingekuwa nafahamu ningedhani wanaumwa, kumbe mdomo na utumbo vinabadilika ili wawe wala nyama na kipindi hicho wanaishi kwa kuumeza mkia wao kwa ndani. Hapo weka tofali lichomoze juu ya maji wapande, la sivyo wanazama.

Vile vichura vilivyobaki bila mkia mpwa akavitupia sisimizi waliokufa, vikakaa tu vinatazama ukuta. Sisimizi mzima alipokatiza mbele yao, kimoja kikainama, ulimi huo, sisimizi hayupo. Mpwa akanigeukia, "haya mjomba, na huyo kanusa?"