Nyenzo za Mwanafunzi wa Uimbaji, na Ipi Itangulie

Vijana wanaojifunza uimbaji wa kiklasiki na ule wa michezo ya jukwaani hapa Mombasa huniuliza mara kwa mara wapate wapi vitabu, nota na rekodi. Nyenzo hizo zipo tele, na nyingi hazilipiwi hata senti. Linalowapotosha wengi ni kuanzia mwisho: humtazama mwimbaji mashuhuri kwenye video mpaka wimbo ukawakaa kichwani, kisha wakaiga kila kitu chake, hata anapovuta pumzi na anapokosea matamshi. Rai yangu ni kuanza na maneno, kufuatisha nota, na kuiacha rekodi iwe ya mwisho.

Kwa maneno, nenda LiederNet Archive, hazina iliyoanzishwa na Emily Ezust mwaka 1995, ambamo mashairi ya nyimbo za Kijerumani, Kifaransa na Kiitaliano yamewekwa, mengi yakiwa na tafsiri. Linakili shairi kwa mkono wako, andika maana ya Kiswahili chini ya kila neno, kisha lisome kwa sauti mpaka ulimi uzoee. Hapa mtu wa Mvita ana bahati ambayo hajijui kuwa nayo. Kiitaliano hupenda maneno yanayoishia kwa irabu kama lugha yetu. «T» yake hutamkwa ulimi ukigusa meno, nasi tumezaliwa na «t» hiyo. Na «p» yake haina mpumuo, sawa na tunavyotamka paa la nyumba na si paa wa porini. Mwanafunzi aliyekulia katika Kiingereza huhangaika sana na mambo haya. Tahadhari ni kwamba mkazo wa Kiitaliano hauangukii silabi ya pili kutoka mwisho kila mara, konsonanti zilizorudufiwa lazima zisikike, na irabu «e» na «o» kila moja ina sauti mbili.

Nota zinapatikana IMSLP, maktaba ya mtandaoni iliyofunguliwa mwaka 2006 kwa kazi ambazo muda wa hakimiliki umekwisha. Anayeanza ningempeleka kwanza kwa mtunzi wa Kiitaliano Nicola Vaccai (1790–1848), ambaye mazoezi yake hayakutungwa kwa silabi tupu za do-re-mi bali kwa beti za mshairi Metastasio, hivi kwamba mwanafunzi anapopanda na kushuka ngazi ya sauti tayari anatamka Kiitaliano cha kweli. Baada yake huja mkusanyiko wa nyimbo za kale za Kiitaliano uliohaririwa na Alessandro Parisotti, ambao walimu wengi huutumia. Ni mzuri, lakini ujue ulichoshika mkononi: nyimbo zinahesabiwa kuwa za karne ya 17 na ya 18, ilhali piano iliyoandikiwa chini yake ina ladha ya karne ya 19, na wimbo mmoja uliopewa jina la Pergolesi, mtunzi wa karne ya 18, watafiti wengi wanaamini Parisotti aliutunga mwenyewe. (Mimi hucheka kila nikiufundisha.) Kabla ya kulipia fotokopi, hakikisha chapa uliyopakua ni ya kimo cha sauti yako, kwa kuwa wimbo mmoja huchapishwa kwa sauti ya juu na kwa sauti ya chini.

Nyimbo za Broadway, yaani za michezo ya jukwaani ya Marekani, hazina ukarimu huo, maana nyingi bado zina hakimiliki. Afadhali kununua wimbo mmoja mmoja Musicnotes, duka la nota la mtandaoni, ambako nyimbo nyingi unaweza kuzishusha au kuzipandisha ufunguo kabla ya kuchapisha. Shule inayotaka kuonyesha mchezo mzima inahitaji kibali kutoka kwa wakala wenye haki, kama Music Theatre International au Concord Theatricals, na ni vyema jambo hilo lishughulikiwe kabla ya mazoezi kuanza. Daraja kati ya mitindo hii miwili, wa kiklasiki na wa jukwaani, ni Gilbert na Sullivan, Waingereza waliotunga pamoja opera za kuchekesha: wote walifariki zamani, kazi zao ni huru, na zinamdai mwimbaji aseme, aigize na atamke Kiingereza kwa kasi bila kuharibu sauti.

Ukishajua maneno na nota, ndipo usikilize. OperaVision, tovuti iliyoanza mwaka 2017, huonyesha opera nzima bila malipo, pamoja na maandishi ya tafsiri. Wasikilize waimbaji watatu wa wimbo uleule, si mmoja, ili usimgeuze yeyote kuwa msahafu; na kama bando ni dogo, sikiliza sauti tu bila picha.

Nyenzo ya bei rahisi kuliko zote ni mrija, huu wa kunywea dafu. Toa sauti kupitia mrija huo, ukipanda na kushuka taratibu, njia ambayo mtafiti Ingo Titze wa Marekani ameieneza sana. Msukumo wa hewa unaorudi nyuma huzisaidia nyuzi za sauti kutetemeka bila kugongana kwa nguvu. Mrija wa karatasi hulegea upesi, kwa hiyo tafuta wa chuma. Unyevu wa hewa yetu ya pwani unalifaa koo, lakini haumwondolei mwimbaji haja ya kunywa maji. Mwezi wa Ramadhani, anayefunga na aimbe usiku baada ya tarawehe, mwili ukiwa umeshapata maji, na mchana autumie kwa tafsiri na kuhesabu mapigo, kazi ambazo hazihitaji koo.