Picha ndefu ya Nairobi ukutani kwa bei nafuu

Gharama ya picha kubwa inategemea sana karatasi. Duka ninalochapisha, karibu na River Road, hutoza kwa mita ya karatasi inayotoka kwenye roli, na roli hiyo ina upana wa sentimita 91. Ukipeleka panorama moja nyembamba, yaani picha ndefu iliyounganishwa kutoka picha kadhaa, unalipia hata ule weupe wa pembeni unaotupwa. Kwa hiyo nilipanga vipimo kabla ya kugusa picha: sentimita 176 kwa 44. Hapo panorama mbili zinalala pamoja kwenye karatasi moja, kisha zinakatwa. Dada yangu naye alitaka yake, tukagawana bei.

Picha niliipiga juu ya KICC, jengo refu la mikutano katikati ya jiji, asubuhi, kuanzia Uhuru Park hadi upande wa mbuga. Kamera niliishika wima, nikafunga mipangilio ya mwanga na rangi isijibadilishe yenyewe, na kila picha ikaingia ndani ya jirani yake kwa karibu theluthi. Nyaya na vyuma vya karibu niliviacha nje, kwani hivyo ndivyo huvunjika wakati wa kuunganisha. Kuunganisha nilitumia Hugin, programu ya bure.

Kazi yenye thamani ilikuwa kukagua. Nilikuza picha hadi saizi yake halisi, nikaipitia polepole kutoka kushoto hadi kulia. Kwenye Uhuru Highway nilikuta matatu yenye kichwa na milango, lakini nyuma hakuna kitu, lami tupu. Ilikuwa inatembea kati ya picha mbili. Nilirudi Hugin, nikaifunika sehemu hiyo kwenye picha moja ili nyingine itumike nzima, matatu ikapata mwili wake. Kwenye simu huwezi kuona kasoro ya namna hiyo. Ukutani, mgeni wa kwanza ataiona.

Wengi huambiwa lazima picha iwe na pikseli, yaani nukta za rangi, 300 kwa inchi. Hizo ni za picha ya kushika mkononi. Kwa picha unayoitazama ukiwa umekaa kwenye kochi, 150 zinatosha, yaani takriban pikseli 10,400 kwa 2,600 kwa vipimo vyangu.

Kabla ya kuchapa yote, nilichapisha kipande cha A4 chenye anga na vivuli vya majengo. Skrini ina mwanga wake, karatasi haina, hivyo vivuli vilitoka vizito kuliko nilivyoviona kwenye kompyuta. Niliving'arisha kidogo, nikarudi na faili kwenye flashi. Tafadhali usiitume kama picha ya kawaida kwa WhatsApp. Inapunguzwa na kazi yote inapotea.

Fremu ilitengenezwa Gikomba. Niliuliza kuhusu kioo, fundi akatikisa kichwa.

“Kijana wangu, kioo cha urefu huu utakibeba na nini? Boda?”

“Basi tufanyeje, mzee?”

“Gundisha kwenye ubao wa MDF, mimi nitaizungushia mbao.”

Nilimsikiliza. Dukani waliivika plastiki nyembamba isiyong'aa, ndipo ikagundishwa. Inapanguswa vumbi bila shida, na taa ya sebuleni haiakisi juu yake. Niliitundika kwa skrubu mbili, mbali na dirisha, maana jua hupausha wino.

Ya dada bado imeviringishwa kwenye bomba la karatasi. Akimaliza kupaka rangi nyumba yake ya Kitengela, nitaipeleka kwa mzee yule yule.